Orodha Iliyoanza na wa Mwisho

Siku ya nne, juma la pili la mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilianza kabla watu hawajaamka, ikakatika saa mbili, ikarudi saa nne na upepo wa kutoka upande wa Kambove. Umeme ulikwenda nayo. Kompyuta imebaki na nguvu kidogo ambayo nataka kuitunza kwa kesho, kwa hiyo haya nayaandika kwa kalamu. Nimechoka, lakini nikiyaacha hadi kesho nitaanza kujitetea, na mambo yatakuwa yamebadilika sura.

Kazi yangu watu wa mtaa wetu hapa Kikula hawaijui vizuri, na sina hakika kwamba mimi mwenyewe naijua. Shule niliachia mwaka wa nne wa sekondari. Nilikuwa napaka vibao: saluni, duka la dawa, fundi wa redio. Mtu mmoja mwenye ofisi ndogo Lubumbashi aliona kibao changu barabarani, akauliza kama ninaweza kuchora vitu vitakavyoonekana ndani ya simu. Nikasema ndiyo, bila kujua ninakubali nini. Sasa huu ni mwaka wa sita nachora mambo ambayo mtu ataona kwenye kioo: kitufe kikae wapi, herufi ipi iwe kubwa, kitu gani kianze. Nikimaliza kuchora, nawapa watu watumie, nakaa nyuma yao na daftari, naangalia wanapotea wapi.

Mke wangu aliwahi kumwambia dada yake: “Bwana yangu, bakubwa banamulipa juu ya kuangalia bantu banakosa.” Walicheka sana. Bosi wangu amenifundisha kusema kwamba kinachokosa ni kioo, si mtu, na kila mara kabla ya kuanza nayasema maneno hayo kwa sauti. Tena amenifundisha sheria nyingine: mtu akishaanza, usimsaidie, usimuulize, usikohoe. Ukiongea umeharibu kipimo.

Safari hii kazi ilikuwa ya kituo cha afya ambako akina mama wanaleta watoto kwa chanjo. Tulitakiwa kuweka orodha ya wanaofika asubuhi kwenye tableti badala ya daftari. Mezani pale wanakaa wauguzi wawili. Mmoja ni mama mwenye umri, amekaa kwenye kiti kile tangu mama za watoto anaowachoma sindano leo walipokuwa watoto wenyewe. Wa pili ni binti aliyemaliza shule juzi. Tableti ni moja. Mkubwa wa kituo alisema mapema, bila kuficha, kwamba atakayeshindwa nayo atahamia kituo kidogo kilichoko kwenye barabara ya Kambove, maana kule bado wanaandika kwa mkono na wanahitaji mtu.

Kwa binti lingekuwa jambo la usumbufu tu. Kwa mama ni jambo lingine. Mume wake hawezi kusimama tangu alipougua, na kila saa sita mama anavuka barabara mbili kwenda kumgeuza kitandani na kumlisha, kisha anarudi kazini. Akipelekwa kule, ataondoka na giza na kurudi na giza. Mchana mzima mzee atakuwa peke yake. Hayo niliyajua kabla sijaanza kupima. Sitaki kuandika kwamba sikuyajua.

Siku ya kipimo mama muuguzi alinikaribisha mwenyewe, akiniita papa, yaani baba, kama kwetu.

“Kaa, papa. Leo utanipa pointi ngapi?”

“Mama, hatupime muntu. Tunapima kioo.”

“Basi uvalishe kioo miwani, miye niende nipumuzike.”

Nikacheka, nikakaa nyuma yake, nikanyamaza. Tulitumia kadi za chanjo za mfano, bila akina mama wenyewe. Kazi niliyowapa ilikuwa rahisi: ingiza jina la mama anapofika, kisha tafuta wa kuhudumiwa. Binti aligusa jina la juu, akamaliza, akagusa tena la juu, akamaliza. Mama aliteremsha kidole polepole, jina baada ya jina, mpaka chini kabisa, ndipo akagusa. Kila jina jipya lilipoingia, orodha iliruka ikarudi juu, naye akaanza tena kuteremka. Alitoa miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa. Mimi niliandika. Nilimwona anasukuma kioo kama mtu anayetafuta sindano ndani ya mfuko wa mchele, na nilijua kuna kitu sikielewi. Sikuuliza. Sheria ni sheria, na kusema kweli, kunyamaza kulinifaa pia, maana nilitaka kumaliza mapema nirudi nyumbani.

Katika ripoti niliandika kwamba muuguzi wa kwanza anachelewa sana kupata jina, na wa pili hana shida. Kila neno lilikuwa kweli. Niliituma Lubumbashi, bosi akaituma kwa mkubwa wa kituo, naye akaandaa barua ya uhamisho wa mama, ingawa alikuwa bado hajampa.

Siku ya pili ya juma hili ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza ya kazi yenyewe, na akina mama wenyewe, na mvua. Binti ndiye aliyeshika tableti, mimi nimesimama ukutani naangalia. Aligusa jina la juu, akaita. Akagusa tena la juu, akaita. Baada ya kuita mara tatu, kelele zikaanza barazani. Mama mmoja, mtoto mgongoni na maji yakimtiririka kutoka kwenye kanga, alikuja mpaka mlangoni.

“Weye binti, sisi tulifika hapa na giza. Unaita benye banashuka pa moto saa hii?”

Moto kwetu ni pikipiki ya abiria. Wa nyuma yake wakaongeza kwamba labda waliofika sasa ni mashemeji za binti. Binti akaniangalia, macho yamejaa machozi. Hakufanya kosa lolote. Alifuata kioo, na kioo nilikichora mimi: anayeingizwa mwisho anakaa juu, kama ujumbe unavyokaa kwenye simu. Niliiga simu bila kufikiri.

Mama muuguzi alikuwa pembeni, anapima uzito wa watoto. Alichukua beseni la plastiki lililokuwa chini ya meza, akalionyesha kwa mikono miwili, akina mama wakaweka kadi zao tena kwa mpangilio walioujua wenyewe. Hivyo ndivyo inavyofanyika pale, miaka yote. Anayefika anaweka kadi yake ndani ya beseni, anayefuata anaweka juu yake. Saa ya kazi ikifika, muuguzi anageuza rundo zima chini juu, na wa kwanza anakuwa wa kwanza. Hakuna aliyewahi kufundishwa. Hata mimi, nilipoleta wanangu, niliweka kadi ndani ya beseni lile.

Kwa hiyo siku ya kipimo mama hakuwa amepotea. Alikuwa anamtafuta aliyefika kwanza, ambaye mimi nilimzika chini. Binti ndiye aliyekuwa anahudumia wa mwisho, haraka, na mimi nikampa sifa.

Nilimfuata mama nje, chini ya bati. Nilimweleza jinsi nilivyokipanga kioo. Alisikiliza huku anakamua maji kwenye ncha ya kitenge.

“Ulikaa nyuma yangu asubuhi yote, unaandika. Juu ya nini haukuniuliza?”

“Mama, kazi yetu inakatazaka kuuliza.”

“Nani anakataza?”

“Patron wa Lubumbashi.”

“Alishaka fika hapa?”

“Bado, mama.”

“Bon.” Akakung'uta kitenge. “Na wakati wa bibao, ulikuwa unapaka bila kuuliza muntu jina ya duka yake?”

Nilitaka kumwambia kwamba sheria ile ina sababu, kwamba ukimuuliza mtu anakuonyesha anachodhani unataka, na ni kweli, nimeliona mara nyingi. Kwetu mgeni akikuuliza kama kitu chake ni kizuri, utasema kizuri. Lakini ningekuwa nasema ukweli huo kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Nikaenda kwa mkubwa wa kituo. Ni mtu wa kusikiliza, sitaki aonekane mbaya hapa. Aliambiwa achague mtu mmoja wa tableti, akachagua kwa karatasi aliyopewa, na karatasi ilikuwa yangu.

“Shefu, naomba barua ingoje. Nitaandika ripoti ingine.”

“Ya kwanza ilisha ingia mu dosye ya mama. Bakubwa ya juu banapendaka karatasi ya kwanza.”

“Kosa ni yangu, shefu. Haiko ya mama.”

Aligeuza kalamu yake mezani mara mbili tatu. “Basi kuya siku ya ine, useme vile mbele ya bote. Tutapima tena. Kisha nitaona.”

Jioni ile nilimpigia bosi. Alikasirika, lakini si kupita kiasi. Alisema tukikiri kosa moja, mteja atauliza yako wapi mengine. Nikamwambia labda mengine yapo kweli. Kisha akasema niandike, ila kosa niliweke kwa jina langu, si la ofisi. Niliona ni haki, ingawa nilipoweka simu chini niliendelea kujiuliza kama ni haki kweli. Jana akanitumia orodha iliyogeuzwa: wa kwanza juu, wa mwisho chini. Kwake ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Hilo lilinichosha kuliko kitu kingine chochote.

Leo, basi, tulikusanyika katika chumba cha mizani, wafanyakazi wote kwenye mabenchi, mvua inapiga bati hata ikabidi niseme kwa sauti kubwa. Sijui kuongea mbele za watu. Niliomba beseni, nikaweka kadi moja juu ya nyingine, nikauliza nani amefika kwanza. Wote wakasema wa chini. Nikawaonyesha kioo cha zamani.

“Kumbe machine yako inapendaka bachelewaji,” alisema mama anayefagia kituo, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kukosa la kufanya. Kisha nikasema ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa, na mwenye kosa ni mimi.

Tukapima tena. Safari hii nilimuuliza mama kila alipositasita, sheria ikavunjika, na bosi atanisamehe au hatanisamehe. Jina la kwanza alilipata mara moja. La pili hivyo hivyo. Hakuna kuteremka, hakuna kupangusa miwani. Binti naye alipata wa kwanza vizuri, ila alipoingiza mama mpya alimtafuta juu, hakumwona, akamwingiza mara ya pili. Nililiandika. Sikutaka, lakini ningeacha vipi?

Halafu likaja lile nililoogopa. Mama alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kidole chake kiliteleza kwenye tarakimu. Akafuta. Kikateleza tena. Mara ya tatu akaweka mwaka ambao haujafika. Mkubwa wa kituo alikuwa amesimama karibu yetu na bahasha ya barua mkononi, haijafungwa. Kalamu yangu ilisimama. Nilifikiri juu ya mzee yule kitandani, saa sita, na mlango uliofungwa. Nilifikiri pia kwamba mtoto atakayeandikiwa mwaka usio wake anaweza kupewa sindano isiyo yake, au akanyimwa iliyo yake.

Mama alitambua kalamu imesimama. Hakugeuka.

“Andika, papa,” alisema. “Yake na yangu. Usichague.”

Nikaandika na la mama chini ya lile la binti, mistari miwili, nikampa mkubwa. Alisoma akiwa amesimama, akarudia kusoma. Akamuuliza binti kama anaweza kuingiza tarehe za kuzaliwa, mama ashike orodha na kuita. Binti akajibu upesi, kana kwamba alikuwa anangoja kuulizwa: “Mama njo alinifundisha kuchoma sindano. Tarehe nitaandika miye.”

“Basi muko babili pa meza,” alisema mkubwa. “Kule Kambove nitatafuta muntu mwingine.” Akakunja barua mara mbili, akaiweka ndani ya mfuko wa shati. Hakuipasua. Nataka niwe mkweli: hakuipasua.

Mama aliangalia saa ya ukutani, ilikuwa imepita saa sita kidogo, akachukua mwavuli. Mlangoni akasimama.

“Zile tarakimu uzifanye kubwa,” aliniambia. “Na ujue, ile siku ya kipimo ya kwanza miye nilikasirika.”

“Najua, mama.”

“Haukujua. Ulikuwa unaandika.”

Akavuka barabara. Nilimwona anaruka mifereji ya maji, mwavuli umeinama upande wa upepo, mpaka akapotea nyuma ya maduka ya mbao.

Nilirudi kwa miguu, viatu vimejaa matope. Njiani nilihesabu kazi nyingine nilizofanya kwa kukaa nyuma ya watu nikiwa kimya: vioo vya shule, vya duka la dawa, vya watu wa maji. Sijui ni wangapi niliwaandika kwamba wanachelewa. Wengine sijui hata wanaishi wapi. Nitaanza na wa duka la dawa, ni karibu. Labda nitakuta sikukosea, na hilo nitaliandika pia.

Mke wangu aliuliza ilikuwaje. Nikamwambia mama amebaki mezani. Akasema, “Njo vile,” akanipa maji ya kunawa. Tulikula bukari, ugali wetu wa mahindi, na sombe ya majani ya muhogo, na ndakala chache, visamaki vikavu vilivyokaangwa na kitunguu, na watoto wakagombania ukoko wa sufuria.