Gliserini kwenye Jicho la Mama

Nilijua jicho la mama limeharibika asubuhi alipomshika mkono mume wangu.

Kwetu Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali meza moja, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja hukata kona. Kila mama alipotutembelea Kitale, mume wangu alikula chumbani kama mgonjwa. Sasa asubuhi hiyo mama alifika kutoka Bokoli akiugulia kichwa na jicho, akamkuta mume wangu mlangoni, akamshika kiganja akidhani ni mwanangu mkubwa. "Nipeleke kwa mamako," akamwambia. Mume wangu akaganda. Mimi nikakimbia kumshika mama, maana jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka zamani, na hilo la kulia ndilo alilobaki nalo.

Bahati nzuri, wiki hiyo daktari wa macho alikuwa amekuja hospitali ya mjini na mashine yake ya leza, tukampeleka mama huko. Alimpa mama dawa za kushusha presha ya jicho, tukangoja, kisha akamchungulia na kutikisa kichwa.

"Maji yamekwama ndani ya jicho," aliniambia. "Nataka kutoboa tundu dogo kwa leza, yapate njia. Lakini kioo cha mbele kimevimba, kimejaa ukungu. Kama mimi sioni ndani, hata leza haitapita vizuri."

"Na usipotoboa?"

"Jicho litakufa."

Nilimkasirikia kwa kusema hivyo mbele ya mama, utadhani yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Akatia dawa ya ganzi, kisha akachukua chupa nyingine. Ilikuwa gliserini, akaeleza, ya kuvuta maji kutoka kwenye kile kioo ili kiwe angavu kwa muda.

"Gliserini?" mama akadakia. "Si hiyo ndiyo tunapaka watoto miguu? Ati sasa niwekewe kwa macho?"

Nilimwambia anyamaze, kwa sauti ambayo huwa naitumia kwa wanangu. Akanyamaza, akatiwa matone.

Tulingoja kidogo. Daktari akainua vidole. "Unaona ngapi, mama?"

Kimya. Mama alikuwa amenuna kwa sababu yangu, na mama akinuna hata chifu hawezi kumsemesha. Niliogopa sana. Sikujua kama ni hasira au ni giza.

Ndipo mume wangu, tuliyemwambia abaki langoni, akachungulia mlangoni kuuliza kama tumemaliza. Kabla hajafungua mdomo, mama akavuta leso, akajifunika uso wote na kugeukia ukuta.

"Mwambie mkwe atoke huko," akasema kwa ukali.

Daktari hakuelewa kwa nini nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. "Anaona," nikamwambia. "Daktari, anaona. Fanya haraka." Akamrudisha kwenye mashine, akachungulia, akasema sasa njia iko wazi. Leza yenyewe haikuchukua muda. Ukungu ulirudi kidogo jioni, halafu siku zilizofuata ukaisha kabisa.

Mama alipokuja tena, nilikwenda na mume wangu kumpokea. Alituona tukiwa bado mbali, karibu na kinu cha kusagia unga wa posho, akaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya watu. Nilisimama barabarani nikamshukuru Mungu, na mume wangu naye akavua kofia.