Mwalimu Muchangi na Ukurasa wa Wiki ya Sita

Ukimwona mwanamume wa miaka hamsini na mbili amepiga magoti sakafuni mwa saluni akikagua plagi ya draya, wateja wamekunja miguu wakimcheka, jua huyo ni Mwalimu Muchangi wetu. Anafundisha umeme katika chuo cha ufundi karibu na Karurumo. Mimi nafundisha ushonaji, mlango wa pili kutoka kwake, na kwa miaka kumi na minne tumekunywa chai ya thermosi moja. Kwa hiyo nikimsema, namsema kama mtu wangu.

Kazi yake nyingine ni kuwatafutia wanafunzi mahali pa atachimenti. Kila mwanafunzi wetu lazima akae wiki kumi na mbili katika karakana au kiwanda cha mtu, ajifunze kazi kwa mikono yake. Kila siku anaandika alichofanya kwenye logibuku, daftari la kijani, na msimamizi wa pale anasaini kila Ijumaa. Wiki ya sita mwalimu anamtembelea, anakagua mahali, naye anasaini ukurasa wake. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa umeme haruhusiwi kufungua kifaa chochote cha kiwanda. Ni sheria nzuri. Tuliitunga wenyewe.

Kuna sheria nyingine ambayo haikuandikwa popote: mwanafunzi haandiki ubaya wa mwajiri kwenye logibuku. Msimamizi ndiye anayelisoma kwanza, na akiudhika, mwaka ujao hatuna pa kupeleka watoto. Waajiri ni wachache, vyuo ni vingi. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi mwenyewe niliwahi kumfokea binti aliyeandika kwamba fundi wake ni mlevi. Nilimwambia auchane ukurasa ule aandike "leo tulishona sare". Basi sina haki ya kujifanya malaika.

Miaka miwili iliyopita Muchangi alimpeleka Ruguru kwenye kiwanda kimoja cha kubangua makadamia, kokwa zile za ganda gumu, mbele ya Makutano kule Meru. Ruguru alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Nelius, na hakuna aliyepita darasa lile akiwa na mkono mwepesi kwa nyaya kama yeye. Wiki ya sita ilipofika, kahawa ya Muchangi ilikuwa imeiva na wachumaji wamefika shambani siku hiyo hiyo. Akapiga simu badala ya kwenda. Tangu wakati wa korona tulikuwa tumejizoesha hivyo, tukaita kutembelea kwa simu. Nilikuwa nimeketi kando yake. Msimamizi akasema kila kitu kiko sawa, kisha akampa Ruguru simu.

"Mwalimu, utakuja lini?" Ruguru akauliza.

"Kwani kuna shida?"

Bila shaka msimamizi alikuwa amesimama palepale. "Hapana, mwalimu. Kuna kitu tu nataka uone."

"Wiki ijayo," Muchangi akasema.

Wiki iliyofuata hakwenda. Ya nane hakwenda. Jumanne ya wiki ya tisa, mkanda wa mashine ya kubangulia ulinasa koti la kazi la Ruguru. Swichi nyekundu ya kuizima mashine ilibonyezwa, haikufanya kitu. Mtu alipofika mbio kwenye swichi kubwa ya ukutani, binti alikuwa ameshakata roho.

Mkuu wa chuo aliitisha logibuku la Ruguru, ambalo kiwanda kilikuwa kimemrudishia Muchangi. Ukurasa wa mwalimu wa wiki ya sita ulikuwa mtupu. Kabla ya kulipeleka, Muchangi aliujaza mbele ya macho yangu: "Nimemtembelea. Mahali ni salama." Akasaini na kuweka tarehe ya nyuma. Maneno hayo yalitosha. Kama mwalimu alikagua akakuta mahali ni salama, basi msichana alizembea. Ripoti ya ajali ikasema hivyo, nakala moja ikaenda kiwandani na nyingine tukampelekea mama yake, na mazishini wakasema hivyo kwa maneno ya kupaka mafuta. Mpaka leo akina mama wa kanisa lao wakitaka kuwaonya binti zao kuhusu uzembe, humtaja Ruguru. Nami nilinyamaza, nikammiminia chai.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Ya Muchangi imemtembeza miaka miwili. Alianza kuwatembelea wanafunzi wote, si mara moja, mara tatu tatu. Alifika hata Laare kukagua pasi za wanafunzi wangu wa cherehani, na sikuwa nimemtuma. Akifunga karakana ya chuo hurudi kutoka langoni kubonyeza kila swichi nyekundu. Simu ikilia na namba haijui, huiacha ilie mpaka inyamaze. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini. Akasema kabla hajapokea husikia sauti ya Ruguru ikimuuliza atakuja lini. Nilikuwa na utani wangu tayari. Niliumeza, kwa sababu nami nilikuwa nimeogopa.

Mwezi uliopita kiwanda kile kikaandika barua kuomba wanafunzi tena. Mkuu alifurahi sana. Ilibaki Muchangi aende akakague, asaini. Aliniomba nimsindikize, na tulipofika langoni ilinibidi nimshike kiwiko.

Msimamizi anaitwa Kobia. Ni yule yule wa siku zile, mtu mpole wa kofia ya sufu. Alitusalimia kwa mkono akamuuliza Muchangi yeye ni nani, kwa maana hakuwahi kumwona. Hilo peke yake lilinichoma. Akatupeleka kwenye mashine. Swichi nyekundu ilikuwa mpya. Muchangi aliibonyeza, mkanda ukasimama. Akaibonyeza tena na tena mpaka wafanyakazi wakaanza kutazamana.

"Ilirekebishwa lini?" akauliza.

"Siku ile ile ya ajali," Kobia akasema. "Hiyo ni kazi ya dakika kumi, ticha. Fundi wetu alikuwa ameacha kazi. Hata huyo msichana alitaka kuitengeneza, alikuwa na swichi amenunua na pesa yake, anatembea nayo kwa mfuko. Nikamwambia, si sheria yenu inasema mwalimu akuje kwanza? Akasema ni ukweli. Akasema atangoja."

Muchangi akamgeukia. "Na ulipoona nimeandika kwamba nilikuja?"

Kobia aliangalia viatu vyake. "Hiyo karatasi ilitusaidia sisi wote, ticha."

Muchangi hakusaini. Jumamosi alilitoa lile daftari la kijani, alilorudishiwa ripoti ilipoisha, kwenye droo yake tukaenda kwa Nelius. Ua wake una miti minne ya makadamia, na huku kwetu makadamia haziachwi chini hata siku moja, maana ni pesa. Kwake zilikuwa zimetapakaa kote, za msimu huu juu ya za msimu uliopita, tukazikanyaga zikalia mpaka mlangoni. Alikuwa anachambua maharagwe. Alitupa viti.

"Mama Ruguru," Muchangi akasema, "sikumtembelea. Sikufika kule hata siku moja. Niliandika uongo. Mtoto wako hakuzembea. Swichi ilikuwa mbovu, na yeye alijua, na alikuwa ananingoja mimi."

Nelius aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. "Kesho utasimama kanisani useme hivyo hivyo," akasema. "Usipunguze neno."

Alisimama akasema, na hakupunguza. Nami nilisimama kando yake nikasema kwamba nilijua, maana chai ile tulikunywa wote. Ibada ilipoisha watu walitupisha njia bila kutusalimia. Nelius alitufuata hadi kwenye lango.

"Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili ananiambia, mama, mwalimu atakuja wiki hii. Halafu mkaniletea karatasi inasema ulienda zamani. Nikajua mmoja wenu, wewe au yeye, amenidanganya." Alikuwa anamtazama Muchangi bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe ni mwalimu. Nikaamua ni yeye. Nilimzika nikiwa nimemkasirikia."