Ng'ombe wa Shule ya Ng'ambo

Harufu ya karatasi mpya zinazong'aa hunipeleka mbali. Juzi mjukuu wangu Manka alizimwaga mezani kwangu, picha za shule za nje, watoto wanacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Eti nimsaidie kuchagua, mimi niliyeishia darasa la nne. Nikazinusa, nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka baba alivyomchagulia dada yangu Aika sekondari ya ng'ambo.

Ng'ambo yenyewe, msinicheke, ilikuwa Kenya, pale tu ukishavuka mpaka wa Holili. Nafasi za sekondari huku kwetu zilikuwa chache, na Aika hakupata, ingawa akili zilikuwa zinamwagika. Mama akanipachika kwenye msafara nimlinde baba asikwamie kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa na miaka minane.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake, ila kukagua alijua. Alisema shamba halikaguliwi mtu amesimama barabarani. Kwa hiyo hakuanzia ofisini. Alizunguka nyuma, akafunua masufuria, akachungulia vyoo, akamalizia bandani kwa mifugo. Shule ya kwanza aliikataa kwa sababu kengele ina ufa. Ya pili, mpishi ni mwembamba. Aika alitufuata, macho mekundu. Ilibaki moja tu, na ikikataliwa hiyo, anarudi nyumbani kuchuma kahawa.

Mkuu wa shule ya tatu alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta. Vyoo vilikuwa safi. Maharage hayakuungua. Nikamwona baba anazidi kununa, mpaka alipofika bandani. Ng'ombe wa shule alikuwa mifupa mitupu, na baba uso ukamchangamka.

"Mama," alisema, "mtu asiyeweza kumshibisha ng'ombe atamshibishaje mwanangu?"

Yule mama alinigeukia. Alinitazama mimi, akaanzia kwenye miguu yangu, fito mbili za kujengea banda la kuku.

"Na huyu, mzee, wewe unamlisha nini?"

Baba akavaa kofia yake, akasema twendeni. Aika akaanza kulia waziwazi.

Basi mimi nikaona, kwenye bustani ya ofisi, isale, mmea uleule tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Kwetu mtu akikosa hulipiga fundo jani la isale, akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nikachuma jani zuri kuliko yote, nikalifunga, nikampa yule mama kwa mikono miwili. Nikamwambia shikamoo, baba anaomba msamaha.

Yule mama, ambaye si wa kwetu, aliona ua lake tu limekatwa, akafoka. Baba alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kukana hawezi, isale ikishatolewa hairudishwi. Ikambidi amweleze mila yetu, na jaribu wewe kueleza mila ya msamaha huku umenuna.

"Kwa hiyo unaniomba msamaha?" yule mama akauliza.

"Mtoto ameshaomba," baba alisema, akiangalia viatu vyake.

"Basi nimekusamehe. Binti abaki. Na wewe ukija kumtembelea, uje na mzigo wa majani ya huyo ng'ombe."

Jioni tulivuka mpaka, wawili tu. Baba alivipita vilabu vyote bila kugeuza shingo. Mimi nilijiona mkubwa kuliko kanisa, na kwa miaka mingi nilitamba kwamba bila mimi Aika asingekuwa muuguzi. Baba hakunipongeza hata siku moja. Nilimhesabu mchoyo.

Nilimwelewa nilipompeleka kifungua mimba wangu bweni, miaka mingi baadaye, baba ameshazikwa. Nilikagua kila kitu. Niligeuza magodoro, nikagombana na mlinzi, nikamsogelea mwalimu mkuu karibu sana ili ninuse kama anakunywa. Kumbe baba hakuwa anatafuta shule. Alikuwa anatafuta sababu ya kurudi nyumbani na mtoto wake, akapata moja, nami nikamnyang'anya. Ile shule ya mwanangu ilikuwa nzuri kabisa. Nikakaa kwenye jiwe nje ya geti, nikamchukia yule mwalimu kwa kutokuwa na kosa hata moja.