Kahawa ya Mugasha

Nilipokuwa mtoto kule Kamachumu, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, kahawa ya kutafuna nyumbani kwa Bibi ilikuwa na mlaji mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Wageni walipewa, sisi watoto tulinyimwa, na Mugasha alitengewa. Kwa imani ya wazee wetu Wahaya, Mugasha ndiye mwenye ziwa na dhoruba. Wingu jeusi likipanda kutoka ziwani, Bibi aliweka punje chache kizingitini, juu ya jani la mgomba, ili upepo upite bila kuangusha ndizi zetu.

Ukoo wote ulikuwa wa Kikatoliki isipokuwa yeye. Baba alikwisha kuchoka kumshawishi. "Dini yenu ina maswali mengi," Bibi alimwambia, "na majibu mnayo tayari. Sasa mnauliza ya nini?"

Mimi majibu hayo sikuwa nayo. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa Komunyo ya Kwanza mara moja. Nikianguka tena, gauni jeupe alilonishonea Mama, kwa kitambaa kilichopatikana kwa taabu kwenye duka la Mhindi Bukoba mjini, lingevaliwa na binamu yangu Leokadia. Leokadia alishalijaribu. Alizunguka nalo sebuleni akaniambia, "Usilie, dada. Nitakuwekea mkate wa sherehe."

Swali lililonishinda lilikuwa moja: Yesu ni nani? Jibu lake lilikuwa refu, lenye Nafsi na Utatu, na kila nikifika katikati nilipotea.

Alasiri moja, wakubwa wakiwa kwenye shamba la ujamaa, nilikuwa kwa Bibi tukimenya ndizi huku nikikariri. Wingu likapanda. Bibi akaweka kisu chini, akachukua kifurushi chake cha kahawa. Nikamwambia, kwa kujidai tu, kwamba hata Yesu aliwahi kukutwa na dhoruba ziwani.

"Akafanya nini?"

"Alikuwa amelala mtumbwini. Wenzake wakamwamsha, wanalia wanakufa."

"Amelala? Na mawimbi yale?"

"Alichoka, Bibi. Alikuwa amefundisha watu kutwa."

"Haya. Akampa Mugasha nini?"

"Hakumpa kitu."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa. Aliamka, akauambia upepo unyamaze. Ukanyamaza."

Bibi akabaki mlangoni, punje zikiwa bado kiganjani. Mvua ilikwisha kuanza kupiga majani.

"Mwana wange," akasema, "mimi namwomba Mugasha tangu sijaolewa. Wakubwa kuliko mimi walimpelekea mbuzi. Anayeomba hutanguliza kitu mkononi. Huyu wako amesema tu, kama ninavyokuambia wewe funga mlango?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi huyo si mtumishi wa mtu. Huyo ni mwenyewe." Akatia punje moja mdomoni, akanipa na mimi, mara ya kwanza maishani. "Na kama alichoka akalala, ana mwili kama huu wangu. Mbona baba yako hakuniambia hivyo? Ananiambia Nafsi, Nafsi."

Siwezi kudanganya kwamba dhoruba ilitulia. Ilivunja migomba kama kawaida yake. Bibi aliitazama akasema, "Migomba ilivunjika hata nilipomlisha Mugasha," akaendelea kumenya.

Siku ya mtihani, Padri aliketi kwenye benchi pamoja na katekista. Nilipoulizwa Yesu ni nani, nilianza na Nafsi, nikapotea palepale. Nyuma yangu Leokadia akakohoa. Nikaliona gauni langu linakwenda zake.

"Ni yule aliyemnyamazisha Mugasha bila kumpa kahawa," nikasema.

Watoto wakaangua kicheko. Katekista akashika kichwa. Padri hakucheka.

"Huyo ni mtu au ni Mungu?"

"Alichoka akalala, basi ni mtu. Aliamka akaamuru, basi ni Mungu. Hakuomba ruhusa kwa yeyote."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi."

"Anasali jumuiya gani huyo bibi?"

"Hana, Padri. Hajabatizwa."

Hapo ndipo Padri alipocheka, mpaka akafuta machozi. "Umefaulu. Mwambie bibi yako ninakuja kutafuna kahawa."

Alikuja kweli, wakatafuna mpaka jioni. Bibi alibatizwa siku ileile niliyopokea Komunyo. Asubuhi hiyo aliniona na gauni langu akamgeukia Mama: "Na mimi la kwangu liko wapi?" Ikabidi mabaki ya kitambaa yawe kilemba chake. Leokadia alibeba mshumaa, amenuna. Katikati ya ibada ngurumo ikalia upande wa ziwani. Bibi akatoa kifurushi, nami nikaona aibu mapema. Akakipitisha kwenye benchi, watu wakagawana.

Sasa nina watoto wangu, na nikipiga magoti jioni mara nyingi nasinzia kabla ya Amina. Nilifika kidato cha nne. Nafsi na Utatu nimeelezwa vizuri, na ninasadiki. Lakini niliyemzoea ni yule wa Bibi, aliyelala kwa sababu kazi ya kutwa ilikuwa nyingi, na akiamka kila kitu kinamsikia. Kwa hiyo nasinzia bila wasiwasi. Wingu likipanda naanua nguo, naita watoto ndani, na kahawa tunaitafuna wenyewe.