Nafasi ya Fuller katika Hitima

Nilimwahidi bibi yangu mzaa mama kwamba jina la babake litasomwa tena katika hitima ya nyumbani kwetu. Niliahidi kwa hiari yangu, na sikuwa mtoto. Ijumaa iliyopita, rafiki yangu, nilirudi Aija, mtaa wetu mjini Sur katika nchi ya Waarabu, kwa hitima ya Shaaban. Ua wa nyumba sasa umetandazwa vigae na kila dirisha lina kiyoyozi. Hata hivyo, nilipopita karibu na bomba nilisikia miguu ikikanyaga maji. Hapakuwa na mtu.

Zamani ua ule ulikuwa wa saruji iliyopasuka. Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, bibi aliyatoa mablanketi ya sufu yaliyonunuliwa kwa Mabedui, akayatia katika beseni kubwa la bati, akamimina maji ya moto na sabuni, kisha akatupandisha sisi wajukuu tuyakanyage.

"Mnakanyaga au mnacheza ngoma?" alituuliza, naye akapandisha kanga hadi magotini na kuingia katikati yetu. Maji yaligeuka meusi, vidole vikakunjamana, na kutoka jikoni ikatufikia harufu ya iliki na samli.

Baada ya Alasiri waalikwa walikaa, juzuu zikagawiwa. Mjomba, mwana mkubwa wa bibi, alifungua karatasi ya marehemu wetu ili thawabu ziwafikie. Majina yalikuja marefu, bin fulani bin fulani, mpaka kabila. Moja tu lilikuja pweke: Fuller. Alikuwa fundi Mwingereza aliyesilimu Unguja, akamwoa mama yake bibi, akafa bibi hajaota meno. Hata jina alilopewa aliposilimu lilisahauliwa. Lilibaki hilo la ukoo.

Jina hilo kuacha kusomwa kulikuwa kosa langu. Shuleni Sur mwalimu alitutaka kila mmoja asimame na kutaja jina lake mpaka kabila. Nikataja langu lote, kisha kwa kujigamba nikaongeza kwamba bibi yangu ni binti wa Fuller, Mwingereza. Wenzangu walicheka. Habari zilifika mtaani kabla yangu.

Mwaka huo binti wa mjomba alikuwa akiposwa, na kwetu hakuna posa isiyoulizia asili. Mama wa mposaji alikuja, akanywa kahawa, akakiweka kikombe chini taratibu. "Bi mkubwa, huyo Fuller ni nani kwenu?"

Nilikuwa nimeshika sinia ya halwa. Bibi hakunitazama. "Ah, huyo? Fundi tu, alikuwa akitutengenezea paa. Watoto hawa hawajui wasemalo."

Posa ikakubaliwa. Shaaban iliyofuata, mjomba alipofika mahali pale pa karatasi alinyamaza pumzi moja, kisha akaendelea na jina lililofuata. Ikawa hivyo kila mwaka. Hakuna aliyenipiga wala kunikaripia. Ingekuwa nafuu.

Nilipokuwa nasoma chuo Nizwa, nililitafuta jina lile katika kitabu cha koo za Kiingereza. Ni jina la kazi. Katika zama za kale nguo ya sufu ilitoka kwa mfumaji ikiwa imelegea na kujaa mafuta. Fuller ndiye aliyeitia majini pamoja na udongo maalumu, akaikanyaga kwa miguu mpaka ikatakata na kushikana. Kaskazini mwa nchi yao mtu wa kazi hiyo aliitwa Walker, na kusini magharibi Tucker. Baadaye vinu vya maji viliichukua kazi, majina yakabaki kwa watoto. Sidai kwamba damu hukumbuka. Nasema tu kwamba nilikifunga kitabu, nikaitazama miguu yangu.

Alhamisi ya wiki ile ile nikaenda Aija. Bibi alikuwa hatoki tena kitandani.

"Shikamoo, bibi. Nimeijua kazi ya wazee wako."

"Marahaba. Majambazi?"

"Wakanyaga mablanketi."

Nikamweleza yote, hata kwamba ndani ya maji hayo walitia mkojo uliochacha ili kuondoa mafuta.

"Mkojo! Astaghfirullah! Hilo usimwambie mjomba wako, atatuhamisha mtaa." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia ukuta. "Nilimkana baba yangu mbele ya sinia ya halwa, mwanangu. Mrudishe. Niahidi."

Nikaahidi. Alifariki kabla ya Shaaban.

Ijumaa iliyopita mjomba, ambaye macho yake yamedhoofika, alinipa mimi karatasi. Jina la bibi lilikuwa la mwisho, wino wake bado mweusi. Mbele yangu walikaa wakwe wa posa ile, na pamoja nao wajukuu wa mjomba, vitukuu wa bibi, ambao Kiswahili hawakijui tena. Nilifika mahali pale. Nilifungua mdomo. Nikanyamaza pumzi moja, kisha nikaendelea.

Mablanketi sasa hupelekwa kwa dobi. Tunaolijua jina lile tumebaki wachache, na sote tumelinyamazia. Tukiondoka, mtu aliyesilimu, akaoa, akazaa, atakuwa kama hakuwahi kuzaliwa. Naliandika hapa kwa sababu sikuweza kulisema pale, na najua kwamba kuandika si kutimiza.

Wewe huwajui wakwe zetu, wala huna la kuwaogopa. Nakuomba umsomee Fuller, baba wa bibi yangu, Fatiha moja.