Magonjwa ya Telefone ya Badibanga

Jumatatu asubuhi Badibanga alipeleka telefone kwa Odile akasema haioni vizuri.

"Haioni, Tata? Ao ni weye hauone?"

"Herufi zake ni ndogo."

Odile alikuwa na meza yake pembeni ya soko la Musonoi, chini ya mwavuli. Aliuza unité za kupigia simu, alichajisha batri, alitengeneza telefone za wachimbaji. Akabonyeza mara tatu, akamrudishia. Herufi zilikuwa kubwa kama punje za mahindi. Badibanga akaziangalia. Bado hazikusema kitu. Akashukuru, akaenda nyumbani.

Hakujua kusoma. Ugonjwa ulikuwa huo, na haukuwa wa telefone. Miaka thelathini na nne alipaka grisi kwenye magari makubwa ya mgodi. Huko alizijua namba, akajifunza kuchora jina lake kwenye karatasi ya mshahara, basi. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kama wazee wenzake, na mkewe Mianda alimgusa kiwiko wakati wa kufunua ukurasa. Nyumbani Mianda alisoma kila kilichoingia, karatasi ya umeme, barua ya shule, mesaji. Alisoma kwa sauti huku anasonga bukari, kama anajisomea mwenyewe. Hata binti yao Falonne alikua, akaolewa, akaenda kukaa kijijini upande wa Sandoa, bila kujua.

Mianda alikufa mwezi wa tatu. Wanawake wa kanisa walimpigia Falonne, lakini hakuweza kuja. Mimba ilikuwa kubwa, na mvua ilikuwa imekata barabara. Wanasema mficha ugonjwa, kilio humuumbua. Kilio kikaisha, viti vya kukodi vikarudishwa, na Badibanga hakuumbuka. Alibaki na vyumba viwili, sufuria nyingi kuliko midomo, na telefone ya Mianda.

Mesaji zikawa zinaingia. Aliziona kwa namba ile nyekundu juu ya picha ya bahasha. Moja. Nne. Tisa. Nani angeandika kama si Falonne? Amezaa? Amezaa salama? Jibu lilikuwa mfukoni mwa shati lake na hakuweza kulifikia. Kupiga simu pia hakuweza. Mianda ndiye aliyetafuta jina na kubonyeza, kisha akamwekea telefone sikioni: "Sema na mwana yako." Sasa kwenye orodha majina yote yalikuwa na sura moja.

Angemwomba jirani. Lakini siku hiyo hiyo Musonoi nzima ingejua kwamba mzee wa kanisa alikuwa anashika kitabu bure. Akaona afadhali telefone iugue. Odile akiifungua, labda mdomo wake utasoma wenyewe.

Jumanne akasema haikamate moto.

Odile akachungulia kitundu cha chaja. "Ni vumbi tu, Tata. Ya huku kwetu iko na mawe ndani. Uzime telefone kwanza. Ukamate kijiti ya meno, ukwangule polepole. Usitie sindano, utaiua."

Badibanga alikwangua mwenyewe. Likatoka donge la vumbi la kijani la madini, dogo kama mbegu ya nyanya. Akafurahi kidogo. Hata kwenye magari ya mgodi ilikuwa hivyo. Unasafisha kwanza, ndipo unasema kitu kimekufa.

Jumatano akasema inatembea kama kinyonga.

"Imejala mapicha ya bonjour," Odile akasema. "Kuna mama moja anatumaka maua kila asubuhi. Nifute?"

Badibanga hakujua ni mama gani ambaye bado alikuwa anamwamkia Mianda kila siku.

"Futa. Moja uache."

Odile akafuta. Ile bahasha aliiona, lakini hakuigusa. Alikuwa mtoto wa watu, hasomi mambo ya mtu. Ujanja wa mzee ukagonga mwamba kwa sababu ya adabu ya Odile.

Alhamisi palikuwa na mchimbaji mmoja, Séraphin, mwenye matope mpaka magotini, anangoja batri yake.

"Tata Badibanga! Hii telefone iko na malaria gani? Kila siku ku hopitali!"

"Inazeeka."

"Kama mwenyewe!"

Badibanga hakucheka. "Leo hailie," akamwambia Odile. "Haijalia tangu kilio."

Hilo lilikuwa kweli. Odile akaigeuza. "Ah! Iko bubu hii. Nani aliifunga sauti?"

Badibanga akakumbuka. Kaburini mchungaji aliomba telefone zote zinyamaze. Mama mmoja akaichukua hii mkononi mwa mzee, akabonyeza, akamrudishia. Baadaye hakuna aliyeirudishia sauti.

"Mutu moja aliita mara makumi tatu na moja, Tata! Angalia hapa. Jina ni ya nani?" Akamsogezea telefone.

Badibanga akaitazama. "Lunettes niliacha ku nyumba."

"Lunettes iko ku pua, Tata!" Séraphin akapiga paja kwa kicheko. "Mi nilisema! Si telefone njo inazeeka!"

Odile hakucheka. Alimtazama mzee, akatazama miwani, akatazama zile herufi kubwa.

"Séraphin, batri yako imejala. Enda."

"Bado, iko kwanza asilimia makumi—"

"Enda, nakuambia."

Séraphin akaenda akinung'unika. Odile akavuta dumu la kukalia, mzee akakaa.

"Jina ni Falonne," akasema chini chini.

"Ni mwana yangu." Badibanga akavua miwani. "Odile. Mi sijue kusoma."

Alingoja soko zima ligeuke. Muuza samaki wa pembeni aliendelea kufukuza nzi.

"Nikusomee?"

"Soma ya mwisho."

Odile akasoma: "Tata, mutoto iko na wiki tatu, ni mwanamuke. Niliita, niliandika, haujibu. Kama ni juu sikufika ku kilio, uniambie tu. Sitaandika tena."

Badibanga alishika magoti yake. Wako wazima, wote wawili. Na anafikiri baba yake amemkasirikia.

Odile akampigia Falonne. Hakupatikana. "Rezo ya kule inakuya na kuenda," akasema. "Tutume sauti. Unaona hii mikro? Ubonyeze, usiachilie, useme. Ukimaliza, achilia. Itamungoja mupaka apate rezo." Kisha akaifungulia sauti, akatafuta picha ya Falonne humo ndani, akaibandika kwenye jina lake. "Akiita, utaona sura. Sura haisomwake."

Akasimama, akaenda kwa muuza samaki, akaanza kuuliza bei ya samaki ambao hakuwa na haja nao.

Badibanga akabonyeza. Mara ya kwanza ilienda pumzi tupu. Mara ya pili akasema:

"Falonne. Siko na kasirani. Mi sijue kusoma. Mama yako njo alikuwa anasoma. Ulizala muzuri?"

Akaachilia.

Siku tatu telefone ililia kwa sauti yake yote. Matangazo, mtu aliyekosea namba. Kila mara mzee alitafuta sura, na haikuwepo. Jumapili, baada ya ibada, akiwa anaosha sahani yake moja, sura ikaja. Akabonyeza kijani kwa kidole chenye sabuni.

Kwanza alisikia mtoto analia. Halafu Falonne.

"Miaka yote hii, Tata?"

"Yote."

"Mama alijua?"

"Yeye tu."

Mtoto akanyamaza, labda amepewa ziwa.

"Basi nikusomee," Falonne akasema. "Zote. Ya kwanza niliandika siku ya kuzika. Nilisema: Tata, leo banazika mama na mi siko. Umutupie udongo mukono moja kwa jina yangu."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye sahani.

"Ulinitupia, Tata?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Hapana," akasema. "Sikujua."

Kule Falonne alikuwa analia, bila sauti, lakini baba alisikia.

"Nitaenda leo ku kaburi," Badibanga akasema. "Nitatupa yako. Endelea kusoma, mama."

Falonne akavuta kamasi, akasoma ya pili.