Siku Niliyompa Baba Mdogo Isale Mbele ya Wapiga Kura

Jamani, nacheka sasa kwa sababu aibu yenyewe imeshanizoea, lakini msiniombe niwasimulie mke wangu akiwepo, maana yeye akisikia tu neno uchaguzi ananitazama, anatikisa kichwa, kisha anaendelea kukata majani ya ng'ombe. Mimi, Deo, mtu mzima mwenye duka la dawa za mifugo hapa Kilema, mtoto wangu wa kwanza yuko kidato cha nne, nilijitoa kwenye uchaguzi kwa mkono wangu mwenyewe, bila kushikiwa panga wala kupewa hata soda.

Chama chetu kilikuwa kinachagua viongozi wake wa ndani, kuanzia ngazi ya tawi, na mwenyekiti wa tawi letu alikuwa baba yangu mdogo, Evarist, ambaye amekalia kile kiti tangu mimi navaa kaptula. Vikao anavifanyia nyumbani kwake, akitaka. Asipotaka, havipo. Nikasema basi, inatosha, na mimi nachukua fomu (na niwe mkweli, haukuwa uchungu wa chama peke yake, nilikuwa nimechoka kuitwa "kijana" kila ukoo ukikutana, mtu wa umri wangu natumwa kuleta viti!). Nilitaka siku moja nifike mahali watu wasogee, waseme, "Karibu Mwenyekiti." Nilikitaka kile cheo mpaka nikawa nahutubia ng'ombe wakati wa kukamua.

Baba mdogo aliposikia nimechukua fomu hakugomba, alinuna tu. Nikimpa shikamoo anaitikia huku anaangalia migomba, na jambo hilo likaanza kuniharibia, maana wazee wa huku hawampi kura mtu aliyenuniwa na baba yake. Ndipo siku moja kabla ya uchaguzi likanijia wazo, na nikalipenda lile wazo kuliko nilivyowahi kupenda wazo lolote: nimpe isale.

Kwa nyie msiotoka mlimani, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo. Ukimkosea mtu, ukamletea jani lake limefungwa fundo, ni lazima akusamehe, hata kama ulimchomea banda. Hakuna kukataa. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi kabisa, nampa mbele ya mkutano mzima, analazimika kunikumbatia, wazee wanaona mgombea mwenye adabu, kura zinamiminika.

Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, isale si ua la harusi. Nenda leo kwake, mkaongee wawili."

"Tukiwa wawili nani ataona?" nikamjibu (na nikajiona mjanja kweli).

Basi, Jumapili baada ya misa tukakusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya tawi, wanaume upande huu, kina mama upande ule na vitenge vyao vya chama, na msimamizi katumwa kutoka kata, mgeni wa mkoa huu, kijana wa tai, anafuata kanuni mstari kwa mstari. Nyumbani nilikuwa nimeacha pipa la mbege ya ushindi, pombe yetu ya ndizi, limeiva, maana mbege haikungoji utangazwe kwanza. Nikapewa nafasi ya kujieleza. Nikasimama, nikatoa jani langu kwenye koti, nikatembea taratibu mpaka mbele ya baba mdogo, nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Baba, kama mwanao nimekukosea, naomba unisamehe kwa yote."

Bibi mmoja akaanza kulia kwa furaha. Nikajisemea moyoni, Deo, umeshinda.

Baba mdogo akalipokea jani, akaligeuza, akaniangalia kwa upole ambao ungepaswa kunishtua.

"Kwa yote, mwanangu?"

"Kwa yote, baba."

"Hata hili la kusimama kushindana na mimi?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo akili iliponiruka. Ningesema nini? Niseme naomba msamaha kwa yote isipokuwa hili? Na jani ameshika yeye? Watu wote wananitazama, yule bibi bado analia, mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikasikia unasema, "Hata hilo, baba."

"Aika," akasema, ndiyo asante yetu, akanikumbatia kwa nguvu, kisha juu ya bega langu akamwambia msimamizi, "Andika, mheshimiwa. Kijana amejitoa."

"Kwa kanuni ipi?" msimamizi akauliza, anapekua kitabu chake.

"Kwa isale!" watu wakaitikia karibu wote, na makofi yakalipuka kana kwamba nimeoa upya. Msimamizi akasema yeye isale haijui, anataka barua, wakaniletea kalamu, nikaandika kwa mkono wangu huku wazee wananipigapiga mgongoni na kunisifu malezi.

Mngedhani yameishia hapo. Mgombea akibaki mmoja, kwetu anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Nawaapia, nilipiga ndiyo. Kumgeuka mtu uliyempa isale ni kujitafutia laana, na mimi laana naiogopa kuliko kushindwa. Kura zikahesabiwa, msimamizi akasoma: zote ndiyo, isipokuwa moja, hapana.

Moja! Vichwa vyote vikanigeukia kwa pamoja. Baba mdogo bado kashika jani langu.

"Deo," akasema polepole. "Hata jani halijanyauka."

"Baba, si mimi! Haki ya Mungu si mimi!" Nikaapa, nikavua kofia, na kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Kutoka upande wa kina mama nikasikia sauti ya mke wangu mwenyewe, "Mae! Baba Neema, hata wewe?" Hapo nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Kura ni siri, nitathibitisha vipi?

Wazee wakakaa pembeni kidogo wakaamua, aliyevunja isale anatoa mbuzi na mbege. Mbege ilikuwepo (jambo lililozidi kuwashangaza, mtu kajiandaa hivi!), na mbuzi alikuwa beberu wangu niliyemtunza kwa ajili ya Krismasi. Kufika alasiri, uwanja wa baba mdogo umejaa watu wanakunywa ushindi wangu kwa afya yake, na mimi natumwa jikoni kufuata supu.

Jikoni nikamkuta mama mdogo, mke wake, anakoroga sufuria. Akachungulia mlangoni, akanivuta mkono.

"Pole, mwanangu. Ile hapana ni ya kwangu."

"Mama!"

"Shusha sauti. Kila kikao ni hapa, kila chai ni mimi, wakiondoka naokota vikombe mpaka kwenye shamba la kahawa. Nimechoka." Akanijazia bakuli, akanitilia na ini. "Halafu wewe! Sisi kina mama tulikwishakubaliana tangu kwenye sala za jumuiya, sote tunakupa wewe. Tunawazidi wanaume kwa mbali, hukuona? Tumekaa pale tunasubiri tu karatasi zigawiwe, wewe unanyanyuka na jani lako."

Nikavuta kigoda nikakaa. Nilikuwa nimeshinda, jamani. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshinda, ningenyamaza tu, ningesema "naombeni kura" nikakaa chini.

"Niende niwaambie?" nikamuuliza, roho inaniuma kweli.

"Nenda," akasema, anafuta mwiko. "Nitakataa. Na watamwamini nani, mimi au wewe?"

Nje baba mdogo akaita kwa sauti ya mwenyekiti, "Kijana! Supu iko wapi?"

Nikabeba sufuria nikatoka. Kwa hiyo wenzangu, mkitaka kugombea gombeeni, ila kabla hujaenda kumpigia magoti anayekununia, waulize kwanza wale wanaokaa kimya upande wa pili. Mimi siku hizi nikimkosea mtu nampigia simu, namwomba radhi kwa kosa moja tu, ninalitaja kwa jina, halafu nakata.